Karatasi za Marehemu Ooko

Yule mwanamume alikataa kuandika jina lake kwenye daftari, na Winny hakumwondolea macho asubuhi yote.

Kila Jumamosi Winny hufundisha haki za urithi katika kanisa moja huko Nyamasaria. Wajane huja kujikinga. Mashemeji nao huja, wakakaa karibu na mlango kusikiliza sheria ina matundu wapi. Ukifundisha kuku kukimbia, mwewe naye anasikiliza.

Somo lilipoisha, mwanamume akasogea mezani.

"Madam, marehemu hana mke, hana mtoto. Shamba inaenda kwa nani?"

"Wazazi. Kama hawako, ndugu zake."

"Basi ndugu ya Ooko, huyo Owiti, ameshapeleka kesi ya urithi kortini. Eka nne za miwa, Muhoroni. Siku za kupinga zinaisha Jumatatu. Nataka asimamishwe."

Akatoa bahasha. Kopi ya cheti cha kifo cha Ooko, aliyezama ziwani miaka tisa iliyopita. Hati ya shamba, yenyewe, si kopi. Na kitambulisho cha Ooko.

Hapo Winny akanusa kitu. Mtu akifa, kitambulisho chake hurudishwa serikalini kifo kinapoandikishwa. Hiki kimetoka kwenye mfuko wa mtu asiyetaka kutaja jina. Pichani alikuwa kijana mwembamba, nywele tele. Huyu mbele yake alikuwa na kitambi na upara.

"Ulikitoa wapi?"

"Nimekuwa nacho tu."

"Mzee, wenye bahasha kama hii nimeshawapeleka polisi kabla ya chai ya saa nne. Hata kaburi ya Ooko unaijua?"

"Nimeiona juzi. Wameweka simiti nzuri kushinda nyumba aliyoacha."

"Na Owiti alisema nini alipokuona?"

"Hakusema. Alikimbia. Mbwa wake pia."

Kumbe ni wa kutisha watu, Winny akawaza. Akachukua simu.

"Naita askari. Utawaambia wao hiyo kaburi inakuhusu nini."

Mzee hakutikisika.

"Waite tu, madam. Lakini waje na jembe. Si unajua sisi, mtu maji yakikataa kumrudisha, tunazikanga tunda ya yago mahali pake. Walizika yago. Mimi nilikuwa Mwanza tu, nauza samaki."