Mkasi wa Mwalimu Mkuu

Mambo yaliharibika Jumatatu ile shule zilipofunguliwa. Tangu mama yake afe, binti yangu namsuka mimi, kwa vidole hivi vya seremala. Mistari huenda upogoupogo, lakini shule anaenda amesukwa.

Asubuhi hiyo alirudi karakanani kwangu analia, upande mmoja wa kichwa umekatwa nywele hadi ngozi inatoka damu. Mwalimu mkuu alimkata mbele ya wenzake, eti kasukwa ovyo, akamwambia asirudi bila mama yake.

Nikamshika mkono, tukaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Mkasi ulikuwa bado mezani, nywele za mwanangu zimeganda kwenye makali.

"Mzee, nilimwita mama," mwalimu mkuu akacheka. "Kwani kwako hakuna mwanamke wa kushika kitana?"

Wakubwa hawa wakishakalia kiti, hata ukifiwa wanakuona mzembe. Nilimbana kichwa juu ya meza kama ubao, nikachukua mkasi. Nilianza na nywele. Sikio likafuata.

Alipiga yowe, damu ikatapakaa mezani.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mgongoni.

"Baba," akaniuliza, "sasa mimi nitasoma wapi?"