Nyumba ya Ba Uani

"Ziba hilo dirisha, fundi," Ba alisema, akaigonga fremu kwa fimbo.

Were, mwashi kutoka Butere, alishusha mwiko. Fremu ile aliitia jana tu. "Lakini Ba, chumba cha sala bila dirisha? Utakosa hewa humo."

"Mungu wangu hapendi kuchunguliwa. Ziba. Na komeo weka kwa ndani, si kwa nje."

Were akamgeukia Lalit, mwenye kiwanja na mwana wa pekee wa mama huyo. Wote walimwita mama yule Ba, kama Wagujarati wanavyowaita mama zao. Lalit akamwashiria kwa kichwa azibe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake mwaka ule wa 1954. Mtu mzima, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Bazaar na nyumba ya mawe huku Parklands, anamjengea mama yake mjane kijumba nyuma ya jiko! Hekaluni watu walishaanza kunong'ona kwamba mama wa watu amefukuzwa na mkaza mwana. Lalit alikuwa tayari kutoa chochote Ba abaki nyumba kubwa. Lakini kumgeuza Ba akishasema neno? Thubutu!

Ugomvi ulikuwa wa vitunguu. Tangu afiwe na mumewe, Ba hakutia kitunguu mdomoni, na hata harufu yake ilimchefua. Manjula, mkewe Lalit, naye hakujua kupika bila kitunguu. Zamani yaya Nyaguthii, mama wa Kikuyu aliyemlea Lalit na baadaye watoto wa Lalit, ndiye aliyekuwa akiwaamua wawili hao jikoni. Lakini hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilipozidi, na Wakikuyu wakaanza kuzolewa mjini kwa malori na kupelekwa kambini, Lalit alimpa yaya blanketi na nauli akamwambia aende kwao. Nani anataka matata na polisi? Ba hakumlaumu. Kesho yake tu ndipo alipodai jiko lake mwenyewe.

"Asubuhi vitunguu, jioni vitunguu, nimechoka," alimwambia Manjula, Lalit akiwepo. "Nijengeeni pangu pasafi, pasikanyagwe na mtu. Wala wewe, Lalit."

Nyumba ikaisha, Ba akahamia na miungu yake na sufuria zake. Tangu siku hiyo hakutoka tena uani. Hekalu akaliacha, mashoga zake akawaacha. Jua aliliotea pale pale mlangoni, macho yakiwa kwenye geti.

"Ba, nifungulie nikuone," Lalit alimwambia kila alipotoka dukani.

"Si umeniona? Nenda ukale."

Jioni nyingine alimsikia akizungumza peke yake mle ndani, tena akicheka. Lalit alirudi kwake akalala bila kula.

Kisha binti yake Lalit akaolewa, na bibi yake hakwenda harusini.

"Mjukuu wako wa kwanza, Ba!"

"Nimembariki. Siwezi kuacha mlango."

"Mlango gani? Umejifunga kama mahabusu! Watu watasema nini juu yangu?"

Ba alimfuta machozi kwa pindo la sari yake, lakini hakwenda. Lalit alikaa karamu nzima akijiona mwana wa laana.

Wiki moja baadaye Manjula alimjia mbio barazani. "Vitunguu! Nimesikia harufu kwa pua yangu hii. Mama yako anakaanga vitunguu!"

Alisema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Lalit hakufurahi. Ba, kitunguu? Basi akili imemtoka. Upweke umemwingia kichwani, na kuta zile ni yeye aliyezilipia.

"Mwite Were," alimwambia mkewe. "Kesho nyumba ile inabomolewa. Nitambeba Ba mgongoni nimrudishe ndani, apende asipende."

Kesho yake, kabla Were hajafika, polisi walifika. Walikuwa wakipekua mtaa mzima, Mzungu mmoja na askari sita. Waligeuza magodoro, wakafukua makaa stoo, wakafungua chumba cha watumishi kilichokuwa kitupu. Halafu Mzungu akanyoosha kidole uani.

"Na ile nyumba ya nani?"

Ba alikuwa amesimama mlangoni, fimbo ameikingamiza kwa mikono miwili. Lalit hakuwahi kumwona mama yake akiogopa. Hasira ikampanda. Yeye aliyezoea kuwapisha hata askari wa barabarani, siku hiyo alikwenda akasimama mbele ya bunduki.

"Hapa huwezi kuingia, bwana. Viatu vyako ni ngozi ya ng'ombe. Hiki ni chumba cha sala cha mjane. Mimi mwanawe sijakikanyaga hata siku moja."

"Kuna nani ndani?"

"Miungu yake tu. Naapa kwa kichwa cha binti yangu."

Mzungu alimkazia macho, akamtazama na kizee yule mdogo wa mwili aliyevaa sari nyeupe ya ujane. Nyumba za kupekua zilikuwa bado nyingi. Akawapungia askari wake, wakaondoka.

Lori la polisi liliponguruma barabarani, Lalit alimgeukia mama yake. "Twende nyumba kubwa, Ba," alisema akilia. "Fundi anakuja kubomoa. Kifungo chako kimekwisha."

Ba alimshika mkono akamwingiza ndani, akabisha taratibu kwenye mlango wa chumba cha sala.

"Toka unyooshe miguu, dada," alisema. "Ni mtoto wetu, yule uliyemlea ukimbeba mgongoni. Ameshaapa."