Mabosi Wawili, Mlango Mmoja

Kle! Mwiko uligonga ukingo wa ndoo gizani. Mtu akanong'ona "Shhh!" akiukanya mwiko.

Mke alijivutia shuka hadi puani asije akacheka. Hata jogoo bado, na mume wake ananyata kuelekea nje na vifaa vya ujenzi, viatu kavishika mkononi!

"Unakwenda wapi, Baba Bosi?"

Mume akaganda. "Kumwagilia ukuta. Saruji inataka maji kabla jua halijatoka."

"Na mwiko wa nini?"

"Wa... kukorogea maji."

Akatoka mbio. Mke akakimalizia kicheko chake kwenye mto. Anakwenda kuuwahi mlango wake, mtu huyu! Laiti angejua.

Huko alikokulia mke, mtu akitaka nyumba huita mkandarasi, kisha hurudi siku ya kukabidhiwa funguo. Kwao mume, mwanamume asiyekoroga zege la nyumba yake mwenyewe huchekwa mpaka na wakwe. Basi wakajisimamia wenyewe, na fundi mmoja wa kuwasaidia. Mke, ambaye hakuwahi kushika hata timazi, alinogewa. Muda si muda akawa anagonga tofali moja moja karibu na sikio, asikie mlio, na kuyarudisha mabovu kwa muuzaji.

Kasheshe ilianzia kwenye mlango. Kwao mke, mlango hutazama barabara, mgeni aone amekaribishwa. Kwao mume, hutazama uani, ya nyumbani yabaki nyumbani. Nao mlango ulikuwa mmoja tu, wa mbao nzito, zawadi ya shangazi. Walikuwa wameuegemeza sebuleni mwa nyumba hiyo mpya, unangoja wakubwa waelewane.

"Barabarani!" mke aliagiza asubuhi.

"Uani!" mume aliagiza jioni.

"Jamani, mimi nina mabosi wawili," fundi alilalamika. "Na yule wa tatu." Alimnyooshea kidole binti yao mdogo, aliyekuwa akikagua lundo la mchanga, mikono kiunoni. Jina la Bosi likamnata hapo hapo.

Fundi akaacha nafasi mbili wazi, mbele na nyuma. "Jumapili nakuja kupachika. Msipokubaliana nitaupachika kwenye paa."

Tangu hapo mke akawa anaingilia mbele, mume nyuma, kila mtu na ukaidi wake. Hata kwenye chumba chao cha kupanga walipishana kama watu wanaogombania bafu. Usiku mmoja Bosi akauliza, "Tukihamia kule, mtahamia wote wawili?"

Swali hilo lilimkosesha mke usingizi.

Jumamosi jioni alimfuata fundi. "Ziba ya barabarani. Nimemwachia."

"Una hakika, shemeji?"

"Ziba kabla sijabadilisha mawazo. Na ole wako umwambie!"

Fundi akaziba, safi kabisa, mpaka juu.

Sasa ilikuwa Jumapili. Jua lilipochomoza mume alirudi, saruji mpaka kwenye nyusi, akitabasamu ovyo.

"Vaeni twende! Lakini wewe, mama, fumba macho."

"Wewe ndiye ufumbe! Nina jambo lako."

"Mimi ndiye mwenye jambo!"

Wakafumba wote wawili. Bosi akaongoza msafara, baba mkono huu, mama mkono ule, nao wakakanyagana njia nzima wakichekana kama wachumba. Muuza maji akasimamisha mkokoteni wake kuwapisha.

Bosi akawaachia mikono. "Tumefika."

Mke hakuweza kungoja zaidi. Macho bado kayafumba, akasema, "Haya, umeshinda. Pitia uani kwako, mume wangu."

"Uani?" Mume akacheka kwa raha. "Uani nimeziba alfajiri hii gizani, kwa mikono yangu. Umeshinda wewe!"

Wakafumbua macho.

Bosi alikuwa ameshaizunguka nyumba nzima. Akapanda juu ya tofali, akabana pua yake kati ya nondo za dirisha, akachungulia sebuleni.

"Mlango uko ndani," akasema.