Si Mbaya, Mzee

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mizimu, na fundi umeme alikuwa ameshaamua kuipenda kiasi.

Kiasi tu. Mchumba wake alikuwa amemkanya wiki nzima. "Baba hapendi watu wa kupindukia. Ukimwambia filamu ni nzuri mno, atakuona mpumbavu. Ukisema ni mbovu, umemtukana, maana kaichagua mwenyewe. Kaa katikati."

Wachumba wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa mtihani wa baba humohumo ukumbini mwa sinema. Mmoja alipiga makofi, mwingine alikoroma.

"Na habari zangu, zako, za kazi, usizianze wewe," mchumba aliongeza. "Baba akitaka kujua atauliza. Vumilia filamu tatu tu. Zikiisha salama, atakuleta nyumbani mwenyewe."

Basi Jumapili asubuhi fundi alifika kwenye jumba la sinema na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Watu walikuwa wamesongamana mlangoni, bawabu akipiga kelele kwamba simu zote zizimwe. Mzee mmoja mwenye tiketi mbili mkononi alimkazia macho.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nilielezwa mtu mrefu."

"Huwa naonekana mrefu nikiwa juu ya ngazi, mzee."

Mzee hakucheka. Wakaingia.

Katika filamu ile, familia moja ilihamia kwenye jumba kuukuu, na taa zikaanza kuwaka na kuzimika zenyewe. Ukumbi mzima ukapiga mayowe. Fundi peke yake hakushtuka, maana aliliona tatizo mapema: waya ulikuwa umelegea kwenye swichi kuu. Watu sita wakafa kwa kukosa kazi ya dakika kumi na bisibisi moja.

"Unaionaje?" mzee aliuliza taa za ukumbi zilipowaka.

"Si mbaya, mzee. Ila wangeita fundi."

Mzee aliinuka akaenda chooni. Fundi alibaki akijilaumu. Hilo la fundi lilikuwa la nini?

Filamu ya pili ilikuwa ya mapenzi. Mwoka mikate alimpenda rubani, rubani akaruka zake, mvua ikanyesha, mwoka mikate akaungua mkono. Safu tatu mbele, kijana mmoja mrefu alikuwa akimnong'oneza mtu mzima aliyeketi naye, na yule mtu mzima akitikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi aliwaonea wivu.

"Binti yangu ana hasira," mzee alisema ghafla, macho kwenye skrini. "Unalijua hilo?"

Mchumba ambaye fundi alimjua, akijikwaa kwenye kigoda, hukiomba kigoda radhi.

"Nalijua kiasi, mzee."

"Mwezi jana alirusha sufuria dirishani. Lilikuwa na mchuzi."

Kumbe miaka miwili yote alikuwa akionyeshwa upande mmoja tu. Lakini alimpenda, na sufuria si mwisho wa dunia. "Nitanunua masufuria mepesi mepesi," alisema. Kwa mara ya kwanza mzee aligeuka akamwangalia usoni.

"Na filamu?"

"Si mbaya. Mvua imezidi kidogo."

Ya tatu ikawa ya upelelezi. Mpelelezi mwenye kikohozi aliwakusanya watu kumi na wawili sebuleni, akaanza kuwahoji mmoja mmoja, naye alikuwa mtu asiye na haraka. Ilikuwa saa tisa alasiri, na safu tatu mbele yule kijana mrefu na mwenzake walikuwa wameshaondoka. Fundi hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, na makalio yalikuwa yamekufa ganzi.

"Muuaji ni nani?" mzee alinong'ona.

Fundi alitafuta jibu la katikati, akalikosa. Yote aliyokuwa ameyabana tangu asubuhi yakamtoka.

"Mzee, nisikudanganye. Simjui, wala sitaki kumjua. Filamu zote tatu ni kama chai iliyopoa, mtu anakunywa kwa sababu imeshamiminwa. Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya binti yako tu. Akirusha masufuria, nitayaokota. Lakini nikiulizwa tena naionaje, nitalia."

"Nyamazeni huko!" mtu alifoka nyuma yao.

Mzee aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Fundi akajua yamekwisha. Alishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mchumba wake, ndipo akagundua kwamba mzee anacheka, machozi yanamtiririka.

"Miaka minane," mzee alisema akijifuta, "miaka minane naletewa vijana hapa, wote wananiambia si mbaya. Mimi sinema zinanichosha kufa! Inuka, mwanangu. Twende nyumbani."

Waliondoka muuaji hajajulikana. Njiani mzee alimshika mkono kama mtu anayeogopa kuporwa. Wakapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, wakasimama mbele ya mlango wa kijani. Fundi aliiwasha simu yake ili amwandikie mchumba neno moja tu kabla mlango haujafunguka: *Nimekubaliwa.*

Hakuwahi. Mlango ulifunguliwa na msichana ambaye fundi hakuwa amepata kumwona maishani mwake, mwiko mkononi.

"Huyu hapa mume wako," mzee alisema kwa fahari. "Nimemkubali."

Simu ikatetemeka kiganjani mwa fundi. Ulikuwa ujumbe wa mchumba wake, wa nusu saa iliyopita: *Baba amerudi na kijana mrefu, wanakula. Anasema ndiye wewe na ameshamkubali. Uko wapi?*