Nyufa za Chumba cha Mzazi

Kiondo alibana kipande cha mwisho cha sponji ya godoro kwenye ufa wa dirisha, kwa nje, kisha akainama na kuweka kiganja chini ya mlango. Hakuna upepo. Baridi ya mji ule wa milimani isingemfikia tena mwanawe wa siku tisa.

Mama yake alikuwa uani akipepeta mchele.

"Sasa hata sauti haipiti, mama."

"Afadhali. Ulipokwenda kutafuta sponji nimewawekea jiko chini ya kitanda, mkeo akakomea mlango, wakalala."

"Jiko la mkaa?"

"La nini tena? Mzazi haachwi na baridi. Nawe nilikulea hivyo hivyo, chumba hicho hicho."

"Kilikuwa na nyufa, mama! Hewa ya mkaa ilikuwa na pa kutokea!"

Aliupiga mlango bega. Haukutikisika.

"Nasemba!" alimwita mkewe.

Akarudi dirishani, akaanza kuing'oa sponji kwa kucha, kipande kwa kipande, mpaka joto likampiga usoni. Akabandika sikio kwenye ufa. Nyuma yake, ungo wa mama ulikuwa umenyamaza.