Skrubu ya Mwisho

Springi ilikuwa imekazwa mizunguko minane, na kilichoizuia isinirukie usoni ni kidole gumba changu cha kushoto tu. Mkono wa kulia ulishika bisibisi.

"Mama, nipe hiyo skrubu."

Mama akaifumbata kiganjani. Mashine hii ya kufyonza vumbi aliinunua mwaka niliozaliwa. Tangu Pasaka springi hii iligoma kuurudisha ndani waya wake wa umeme, ndiyo maana akaniita kutoka mji wa Bergen.

"Wale wa makao ya wazee nimewaambia siendi," alisema. "Nimewaambia mwanangu Torunn anahamia hapa."

"Hilo tulishalizungumza, mama."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikuwa nakula."

Ukingo wa springi ulianza kunikata ngozi.

"Skrubu, mama. Tafadhali."

"Chumba chako kiko tayari, yamebaki mapazia tu kutundikwa. Unakuja au huji?"

Damu ikadondokea gazeti alilonitandikia sakafuni.

"Nakuja," nikasema.

Akanipa skrubu, nikaikaza. Akauvuta waya mpaka mlangoni, akarudi, akakanyaga kitufe. Waya wote ukanipitia magotini, ukaingia ndani, plagi ikagonga.

"Kumbe bado inavuta," alisema mama.