Difu Tatu na Jina Moja

Seremala alilala chali chini ya pikapu yake akihesabu meno. Meno thelathini na tisa kwenye gurudumu kubwa la difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, manane kwenye dogo. Akahesabu tena, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka grisi ikamwingia mdomoni.

"Umepata?" mkewe aliuliza, akiinama kumtazama.

"Bado. Lakini naisikia harufu yake."

Mkewe akamwambia harufu hiyo ni ya soksi alizovaa tangu Jumatatu.

Binti yao alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita, mtoto wa kiume mwenye mashavu kama maandazi, na mpaka leo hakuwa na jina. Kila babu alitaka la kwake. Babu wa upande wa pili, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu tu, alifika hospitalini na jina lake limeandikwa kwenye kadibodi kwa mwandiko wa ubaoni. Seremala naye alikuwa ameshalichonga la kwake kwenye kitanda cha mtoto, miezi miwili kabla.

Wazazi wa mtoto wakachoka. Wakasema: ninyi wawili mna pikapu za tangu enzi za ujana wenu, na kila mwaka mnazishindanisha. Basi Jumapili hii atakayeshinda atampa mtoto jina lake, na atakayeshindwa anyamaze.

Shida ni kwamba Mwalimu alikuwa ameshinda mwaka jana na mwaka juzi.

Mama Spana, fundi wa mtaa, alimpangia Seremala difu tatu sakafuni. Katika ya kwanza, shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Hiyo ni difu ya msafiri, alisema, gari linakwenda barabara kuu likipiga mluzi. Katika ya tatu huzunguka karibu mara tano; hiyo ni ya mbeba mawe. Ya pili iko katikati, kama mtu asiyependa ugomvi.

Seremala hakuwahi kusomea magari. Alichokijua alikipata kwa kufungua na kufunga, na hakuwa mtu wa kukubali wala kukataa jambo kabla ya kulipima. Kwa siku tatu walifunga difu moja baada ya nyingine, na kila mara aliendesha kutoka getini hadi kwenye nguzo ya umeme, mkewe akiwa ameshika saa ya jikoni. Sekunde zote ziliandikwa daftarini kwa penseli ya useremala.

Majirani nao hawakukosa ushauri. Kinyozi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliapa kwamba hakuna kama difu ya msafiri, akaambiwa arudi kwenye mikasi yake. Muuza mkate alisema difu si kitu, mtu hushinda kwa moyo.

Difu ya kwanza ilipofika kwenye nguzo, mke wa Seremala aliitazama saa akaguna. Ya pili hakuguna. Ya tatu ilimkalisha chini kwenye kokoto, akacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mama Spana akasema wasishangilie mapema, maana difu bila giaboksi ni bwana harusi bila bibi harusi. Akaburuta giaboksi ya lori kuukuu lililowahi kubeba kokoto, yenye gia ya kwanza iliyoweza kung'oa kisiki. Seremala aliizungusha kwa mkono, akasikiliza, akazungusha tena.

"Funga hii," alisema kwa furaha.

Jumapili uwanja wa mpira ulijaa. Watu walikuja na viti, chupa za chai na kazi zao za kufuma. Mistari miwili ya chokaa ilichorwa, mita mia mbili kati yake. Mwamuzi alikuwa mkunga aliyempokea mtoto, kwa sababu hakuna babu aliyethubutu kumbishia. Alifunga pedali za breki za magari yote mawili kwa kamba zisikanyagike, kisha akatangaza kwamba atakayezimikiwa na injini njiani ameshindwa.

Mwalimu alitoa kichwa dirishani. "Mkwe, mwambie mtoto aanze kuitika jina langu."

"Jina lako lina silabi sita, mkwe," Seremala akamjibu. "Atamaliza kulitamka akiwa darasa la nne."

Bendera ikashuka.

Mwanzo walikwenda sambamba. Kisha bampa ya Mwalimu ikachungulia mbele. Ukafuata mlango, halafu pikapu nzima. Watu walisimama juu ya viti, chai zikamwagika. Mwalimu alikuwa anatokwa na jasho kama anayesukuma gari kwa mikono. Seremala aliushika usukani, macho mbele, akiisihi injini kimoyomoyo isizime; ilikohoa, ikatetemeka, ikaendelea.

Mstari wa chokaa ukapita chini ya magurudumu ya Mwalimu. Akazima gari, akalaza paji la uso juu ya usukani.

Seremala alikuwa nyuma yake hatua themanini nzima. Mkunga alimchukua mtoto kwa mama yake, akatembea hadi kwenye dirisha la Seremala, akageuka waende pamoja, na ikambidi apunguze hatua zake asimpite.

"Zima sasa, babu, umeshinda kwa kwenda polepole," alisema. "Mpokee somo yako."